Diski Mbili Hazitoshi: Mwongozo Kamili wa Kulinda Data kwa ZFS na Ukaguzi wa Mara kwa Mara

Diski inayokufa ghafla ina nafuu yake. Inagoma kuwaka au haionekani tena kwenye mfumo, nawe unajua mara moja kuna kazi ya kufanya. Ya kuogopa ni ile inayoendelea kufanya kazi vizuri huku ikikurudishia kitu tofauti na ulichoandika. Picha inafunguka ikiwa na utepe wa kijivu upande wa chini, jedwali la hesabu linakataa kufunguka, na ukikimbilia bekapu unakuta iliyonakiliwa ni ileile mbovu. Programu ya bekapu ilisoma kilichokuwepo ikakichukua kilivyo, haikuwa na njia ya kujua kwamba si chenyewe.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mashine ya Linux ya kuhifadhia data, iwe seva ndogo au kompyuta ya zamani iliyojazwa diski. Nitatumia zaidi ZFS, mfumo wa mafaili unaojikagua data yake, kwa sababu ndiyo naiona imekomaa kuliko nyingine kwa kazi hii. Watumiaji wa Btrfs, mfumo mwingine wa aina hiyo, na wale wenye diski moja tu ya nje, nao wana sehemu yao huko chini.

Kasoro ya RAID ya kawaida

RAID, mbinu ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, ilielezwa kwa jina hilo mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Shida waliyoilenga ni diski nzima kufa, na kwa shida hiyo RAID inafaa mpaka leo. Lakini tuchukue diski mbili zilizounganishwa kwa mdadm, programu ya RAID ya Linux, kila moja ikibeba nakala ya mwenzake. Siku bloku fulani ya diski ya kwanza ikisema hivi na ya diski ya pili ikisema vile, nani mkweli? Hao ni mashahidi wawili wanaopingana bila ushahidi wa tatu. Ukaguzi wa mdadm utakuonyesha hesabu ya tofauti kwenye `mismatch_cnt`, na ukiuamuru urekebishe, utachukua nakala moja na kuiandika juu ya nyingine bila kujua ipi ilikuwa nzima. Huenda ukafuta iliyo sahihi kwa iliyooza.

ZFS, ambayo Sun Microsystems waliitoa wazi mwaka 2005 ndani ya OpenSolaris, inamleta huyo shahidi wa tatu: cheksamu. Kila bloku inayoandikwa hukokotolewa namba inayowakilisha maudhui yake, na ikisomwa hukokotolewa upya na kulinganishwa. Uzuri wake uko mahali namba hiyo inapowekwa: haikai pembeni ya bloku yenyewe, inakaa kwenye bloku ya juu inayoielekeza. Kwa hiyo hata diski ikidanganya kwamba imeandika wakati haijaandika, au ikiandika mahali pasipo pake, uongo utajulikana. Btrfs, iliyoanzishwa Oracle mwaka 2007 na kuingia kwenye keneli ya Linux mwaka 2009, nayo ina cheksamu za data. Ext4 na XFS, mifumo ya mafaili ya kawaida ya Linux, zina cheksamu za taarifa za ndani za mfumo tu. Yaliyomo kwenye mafaili yako hayalindwi.

Cheksamu peke yake inagundua tu. Ili irekebishe inahitaji nakala ya pili. Nakala ya pili nayo haisaidii kama hakuna anayeisoma, maana bloku inaweza kuoza upande mmoja mwaka huu, upande wa pili mwaka ujao, na wewe hujaligusa faili hilo hata mara moja. Na usomaji ukifanyika, habari isipomfikia mtu ni sawa na bure. Hapa mwisho ndipo watu wengi wanapoanguka: wanajenga kila kitu vizuri, kisha mashine inalia kwenye logi miezi minane bila msikilizaji.

Hatua ya 1: Chagua diski na mpangilio

Ukiwa na diski mbili, mpangilio ni kioo, yaani kila kitu kinaandikwa pande zote mbili. Ukiwa na nne, una njia mbili za maana: vioo viwili, au raidz2 inayovumilia kufa kwa diski zozote mbili. Kuanzia tano hadi nane mimi ningekwenda raidz2 bila kufikiri sana. Raidz1, inayovumilia kifo kimoja tu, siipendi kwa diski kubwa. Diski mpya ikiingizwa, zilizobaki zote husomwa kwa saa nyingi mfululizo, na huo ndio wakati madoa yaliyojificha hujitokeza. Diski nyingi za kawaida zinauzwa kwa ahadi ya kosa lisilozidi moja lisilosomeka kwa kila biti 10^14, yaani takriban terabaiti 12.5. Hicho ni kiwango cha juu kabisa cha mtengenezaji na kwa kawaida hali huwa nzuri zaidi, lakini kinatosha kukufanya utake akiba ya pili. Afueni ni kwamba ZFS ikikutana na doa la namna hiyo bila nakala ya kulirekebisha, itapoteza faili hilo na kukutajia jina lake. Haitaangusha hifadhi nzima.

Kwenye ununuzi, angalia diski isiwe ya SMR, zile zinazopanga mistari ya data ikilaliana kama vigae. Kwa kuhifadhi vitu vya kusoma hazina neno, lakini zikijengwa upya ndani ya ZFS zinakokota mno, wakati mwingine hadi mfumo unaziona zimekufa. Maelezo ya kiufundi ya diski yatakwambia ni SMR au CMR (isiyolaliana), unataka CMR. Ukiweza, usinunue zote za toleo moja kwa siku moja, maana zilizozaliwa pamoja hupenda kufa pamoja.

Kadi ya RAID weka kando, au iweke kwenye hali ya kupitisha diski moja kwa moja. ZFS inataka kuziona diski zenyewe. Makasha ya USB ni sawa kwa bekapu inayochomekwa na kuchomolewa, lakini usijengee hifadhi ya kudumu juu yake.

Kuhusu RAM ya ECC, yaani inayojirekebishia makosa, kuna mabishano marefu kuliko yanavyostahili. Kama bodi yako inaikubali, nunua. Kama haikubali, usiache ZFS kwa sababu hiyo. RAM mbovu itakuharibia data kwenye mfumo wowote wa mafaili. Endesha memtest86+ usiku mzima kabla ya kuanza, inatosha.

Hatua ya 2: Tengeneza kundi la diski (zpool)

Kwenye Ubuntu, kifurushi ni `zfsutils-linux`. Kwenye Debian utahitaji kuwasha sehemu ya contrib na kuongeza `zfs-dkms`. Kisha orodhesha diski kwa majina yao ya kudumu:

```
ls -l /dev/disk/by-id/
```

Usitumie majina kama `/dev/sdb`. Majina hayo hubadilika ukiongeza diski au ukihamisha waya, wakati ya by-id yana modeli na namba ya seriali. Chukua kalamu na karatasi ya gundi, andika seriali ya kila diski mahali utakapoiona bila kuichomoa. Siku ya msiba utajishukuru, maana kosa la kawaida kuliko yote ni kuchomoa diski nzima na kuacha mbovu.

```
zpool create -o ashift=12 -O compression=lz4 -O atime=off hazina \
  mirror /dev/disk/by-id/ata-MODELI_SERIALI1 /dev/disk/by-id/ata-MODELI_SERIALI2
zfs create hazina/picha
zfs create hazina/nyaraka
```

Neno `ashift=12` linaiambia ZFS ifanye kazi kwa sekta za baiti 4096, na haliwezi kubadilishwa baadaye kwa diski hizo, kwa hiyo liandike sasa. Ukandamizaji wa lz4 ni mwepesi kiasi kwamba hakuna sababu ya kuuacha. Gawa hifadhi kwa aina ya data kama nilivyofanya hapo, itakurahisishia kupiga snapshoti (nakala ya hali ya data ilivyo wakati huo) na kutuma bekapu. Na usiijaze kupita asilimia 80 hivi, maana ikijaa sana inazorota.

Hatua ya 3: Fanya mashine iweze kukuita

Hii ifanye kabla ya kunakili hata faili moja. ZFS kwenye Linux inakuja na huduma inayoitwa ZED, ambayo husikiliza matukio na kutuma barua pepe. Kwanza hakikisha mashine inaweza kutuma barua: sakinisha `msmtp-mta` na `bsd-mailx`, weka taarifa za akaunti yako, kisha jaribu:

```
echo "habari" | mail -s "jaribio la seva" anwani-yako
```

Barua ikifika, fungua `/etc/zfs/zed.d/zed.rc` uweke mistari hii miwili:

```
ZED_EMAIL_ADDR="anwani-yako"
ZED_NOTIFY_VERBOSE=1
```

halafu `systemctl restart zfs-zed`. Mstari wa pili una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Bila huo, ZED hukaa kimya ukaguzi ukiisha salama, na kimya cha usalama hakitofautiani na kimya cha seva iliyosahau nenosiri la barua pepe. Ukiwa nao, kila ukaguzi unaisha na barua. Mwezi ukipita bila barua, kuna kitu.

Hatua ya 4: Iharibu makusudi

Ukifuata hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii. Tutatengeneza kundi la mchezo kwa mafaili mawili yanayojifanya diski, tuharibu moja, tuone kinachotokea. Hakikisha una nafasi ya gigabaiti 2 hivi kwenye `/var/tmp`.

```
truncate -s 1G /var/tmp/d1.img /var/tmp/d2.img
zpool create jaribio mirror /var/tmp/d1.img /var/tmp/d2.img
cp -r /njia/ya/picha /jaribio/
zpool sync jaribio
cd /jaribio && find . -type f -exec sha256sum {} + > /var/tmp/kabla.txt
```

Weka picha za megabaiti mia kadhaa. Sasa mwaga takataka katikati ya "diski" ya kwanza. Soma mstari huu mara mbili kabla ya kubonyeza, hasa kilichoandikwa baada ya `of=`, kwa sababu `dd` haiulizi swali:

```
dd if=/dev/urandom of=/var/tmp/d1.img bs=1M seek=10 count=900 conv=notrunc
zpool scrub -w jaribio
zpool status jaribio
```

Tumeacha megabaiti 10 za mwanzo na kiasi fulani mwishoni ili lebo za ZFS zisalimike, kama ambavyo diski halisi huoza katikati huku ikijitambulisha vizuri. Kwenye majibu, tazama safu ya CKSUM: d1.img itakuwa na namba kubwa, d2.img sifuri. Juu yake kuna mstari unaoanza na `scan: scrub repaired`, ukitaja kiasi kilichorekebishwa na idadi ya makosa yaliyoshindikana, ambayo inapaswa kuwa 0. Huenda d1.img ikaandikwa DEGRADED kwa kuzidiwa na makosa, ni haki yake. Sasa hakiki mafaili:

```
cd /jaribio && sha256sum -c --quiet /var/tmp/kabla.txt
```

Isipotamka lolote, kila baiti ni ileile ya mwanzo, ingawa karibu diski nzima ilijazwa takataka. Rudia jaribio hilohilo kwa mdadm na ext4 ukipenda kulinganisha. Ukimaliza:

```
cd / && zpool destroy jaribio && rm /var/tmp/d1.img /var/tmp/d2.img
```

Na barua pepe je, ilikuja? Kama haikuja, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 5: Ratiba

Skrabu ni ule ukaguzi ulioendesha sasa hivi: ZFS inasoma kila bloku yenye data, pande zote, inalinganisha na cheksamu, na kurekebisha papo hapo. Kwa diski za kawaida, mara moja kwa mwezi ni mwendo mzuri. Kifurushi cha Debian na Ubuntu tayari huja na ratiba, Jumapili ya pili ya kila mwezi, ndani ya `/etc/cron.d/zfsutils-linux`. Kwenye mifumo mingine unaweza kuwasha taima:

```
systemctl enable --now zfs-scrub-monthly@hazina.timer
```

Skrabu inachukua muda. Diski yenye terabaiti 16 za data ikisomwa kwa megabaiti 180 kila sekunde itahitaji kama saa 25. Mashine inaendelea kutumika, na ukitaka kuipumzisha kidogo kuna `zpool scrub -p hazina`. Amri bila `-p` itaendelea pale ilipoishia.

Ongeza jaribio la diski yenyewe kupitia smartmontools. Skrabu inasoma penye data tu lakini inajua yaliyomo. Jaribio refu la SMART, mfumo wa diski wa kujipima yenyewe, linapita uso wote wa diski, hata penye utupu, ila halijui maudhui. Zinasaidiana. Kwenye `/etc/smartd.conf`:

```
DEVICESCAN -a -s (S/../.././02|L/../22/./03) -m anwani-yako
```

Hiyo ni jaribio fupi kila siku saa 8 usiku na refu tarehe 22 ya kila mwezi, mbali na Jumapili ya skrabu ili zisigombanie diski.

Kuyasoma majibu

Kosa moja la CKSUM kwenye diski moja, lililorekebishwa, si la kukesha nalo. Endesha `zpool clear hazina`, subiri skrabu inayofuata. Likirudi kwenye diski ileile, fungua `smartctl -a` uangalie namba hizi: 5 ni sekta zilizohamishwa, 197 ni zinazosubiri uamuzi, 198 ni zilizoshindikana kabisa. Ya 197 au 198 ikiwa juu ya sifuri na inapanda, agiza diski nyingine leo. Ya 199 ni tofauti: inahesabu makosa ya mawasiliano, na ikipanda huku nyingine zimetulia, mtuhumiwa ni waya. Badili waya wa SATA kabla ya kuilaumu diski. Namba ya 199 hairudi sifuri; unachotazama ni kama imesimama.

Makosa yakitokea kwenye diski zote kwa pamoja, usiharakishe kununua diski. Kinachozigusa zote ni RAM, kadi au bodi, na umeme. Powasaplai iliyochoka hutoa dalili za ajabu sana.

Kubadili diski

Kama una tundu la ziada, chomeka mpya huku ya zamani ikiwa bado ndani. Hata diski inayougua ina bloku nyingi nzima, na ZFS itazitumia wakati wa kujenga upya:

```
zpool replace hazina ata-YA_ZAMANI /dev/disk/by-id/ata-MPYA
```

Bila tundu, anza na `zpool offline hazina ata-YA_ZAMANI`, zima mashine, linganisha seriali na karatasi uliyoandika, ndipo uchomoe. Ujenzi ukiisha, piga skrabu nzima.

Kwa wa Btrfs

Njia ni ileile. `mkfs.btrfs -m raid1 -d raid1` kwa diski mbili, `btrfs scrub start -B /data` kila mwezi, na `btrfs device stats /data` kuona hesabu za makosa. Kuna mambo matatu ya kukariri. Raid1 ya Btrfs ni nakala mbili hata ukiwa na diski sita. Ukitaka tatu kuna raid1c3. Raid5 na raid6 zake achana nazo. Na folda iliyowekewa `chattr +C`, ambayo watu huiweka kwa ajili ya hifadhidata na mashine pepe, haina cheksamu kabisa, hivyo skrabu inaipita bila kujua kama data yake imeoza.

Ukiwa na diski moja tu ya nje

Hapo unajitengenezea cheksamu mwenyewe. Ingia kwenye folda, uandike orodha:

```
find . -type f -exec sha256sum {} + > /njia/nyingine/orodha.sha256
```

Kila baada ya miezi michache, ukiwa ndani ya folda ileile, endesha `sha256sum -c --quiet` dhidi ya orodha hiyo. Inafaa kwa vitu visivyobadilika, kama picha za zamani. Ukitaka na uwezo wa kurekebisha, `par2 create -r10 picha.par2 *.jpg` hutengeneza data ya ziada ya asilimia 10, ambayo inaweza kufufua mafaili mradi uharibifu haujazidi kiasi hicho.

Bekapu, na faili lisilookoleka

Yote hapo juu hayakulindi dhidi ya mkono wako mwenyewe, mwizi, radi, moto, wala programu ya kuteka data. Ukifuta faili kwenye kioo, linafutika pande zote mbili. Snapshoti zinasaidia kwa makosa ya mkono, ila zinaishi kwenye diski zilezile. Tuma data mashine nyingine, iliyo mahali pengine:

```
zfs snapshot hazina/picha@wiki01
zfs send hazina/picha@wiki01 | ssh seva2 zfs receive akiba/picha
```

Wiki inayofuata piga `@wiki02` na utume tofauti tu kwa `zfs send -i @wiki01 hazina/picha@wiki02`. ZFS inahakiki cheksamu inaposoma, kwa hiyo bloku iliyooza itasimamisha utumaji badala ya kwenda kuchafua bekapu. Seva ya pili nayo ipangie skrabu na barua pepe zake. Mara moja moja rudisha folda nzima kutoka huko uifungue.

Siku moja unaweza kukuta `zpool status -v` inaorodhesha majina ya mafaili chini ya `Permanent errors`. Maana yake nakala zote za bloku hizo zimeharibika. Futa mafaili hayo, rudisha mazima kutoka bekapu, na kama yamo ndani ya snapshoti, snapshoti hizo nazo itabidi ziondoke. Kisha `zpool clear` na skrabu. Orodha ikiendelea kuonyesha makosa, pengine kwa namba badala ya majina, usihangaike: ZFS hutunza kumbukumbu ya skrabu iliyotangulia, na mara nyingi orodha husafika baada ya skrabu ya pili kuisha.